Kwa Nini Bado Tunamwita Daktari wa Ng'ombe?

Wasee wa Kitengela, swali la haraka. Paka wako akianza kutapika saa nne usiku, unampigia nani? Ukiuliza majirani kwa ploti, jibu ni moja: "Tafuta daktari wa ng'ombe." Na hapo hakuna ng'ombe. Uko ghorofa ya tatu, ng'ombe wa mwisho ulimwona asubuhi akivuka barabara ya Namanga kama mwenye barabara. Lakini jina ni hilo, na limebeba historia ya zaidi ya miaka 100.

Nataka tuifungue hiyo historia kwa sababu moja. Kila mtu akichangisha pesa za kutibu mbwa au paka mtandaoni, wa kwanza kujitokeza ni wa kucheka. "Hiyo ni tabia ya wazungu." "Kama huna pesa ya daktari, ulifuga wa nini?" Wanaongea kama watu wenye mila na historia upande wao. Mimi naona historia haiko upande wao hata kidogo.

Tuanze na ng'ombe basi, maana huwezi kumruka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilishuka kutoka kaskazini hadi nchi ya Wamaasai. Ilikuta mifugo ishapigwa na homa ya mapafu, na pamoja nayo zikaja ndui na njaa. Wamaasai wanakiita kipindi hicho Emutai, yaani kumalizwa. Si kupungua, kumalizwa. Kisha Waingereza wakaja na mikataba yao ya 1904 na 1911, Wamaasai wakasukumwa kutoka Bonde la Ufa na Laikipia hadi hifadhi ya kusini. Kajiado ni sehemu ya hiyo hifadhi. Ndio, hii ardhi tunayouziana leo 50 kwa 100.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na maabara ya mifugo Kabete na madaktari wake, lakini usidhani waliletwa na huruma. Aliyekuwa analindwa ni ng'ombe wa setla. Ng'ombe wa Mmaasai aliwekwa karantini, mara nyingine miaka mfululizo, asiuzwe wala asitembee, ndio asiambukize wale wa mashamba makubwa. Daktari wa ng'ombe alikuwa karibu askari.

Lakini kuna kitu kikubwa kilifanyika hapa nchini ambacho shuleni tunapitishwa mbio. Kule Muguga, Kiambu, mtafiti Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyofanya kazi vizuri kuliko zote zilizotangulia. Mwaka 1999 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa hiyo kazi. Mara ya mwisho virusi vya sotoka kuonekana duniani ilikuwa 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, hapa hapa Kenya. Mwaka 2011 ikatangazwa rasmi kwamba sotoka imeisha. Ni ugonjwa wa pili tu kuwahi kufutwa duniani, baada ya ndui.

Sasa niambie: hiyo safari yote nani alilipia? Si mfugaji wa Bissil mfukoni mwake. Kampeni kubwa za chanjo zililipiwa na serikali na wafadhili. Hakuna aliyesimama barazani akamwambia mzee, "Kama huna pesa ya kutibu ng'ombe, ulifuga wa nini?" Swali kama hilo lingeonekana ni matusi.

Na hata kabla ya serikali, Wamaasai walikuwa na njia yao. Inaitwa osotua. Neno lenyewe maana yake ni kitovu, ule mkanda unaomuunganisha mtoto na mamake. Mkiwa na osotua, mwenzako akipatwa na shida anakuja kukuomba mnyama, unampa. Anaomba kile anachohitaji tu, unampa kile ulicho nacho, na hakuna mtu anaandika daftari. Deni lina jina lake, esile, na osotua si esile. Hiyo ndiyo sehemu inanifurahisha zaidi: walikuwa na maneno mawili tofauti ili msaada usichanganywe na mkopo. Sisi tuna Fuliza.

Nataka niwe makini hapa. Osotua haikuwa ya kulipia mbwa dawa. Ilikuwa ya kumrudisha mtu kwenye mifugo yake. Lakini wazo lililo ndani yake, kwamba msiba wa mnyama wako si siri yako peke yako, hilo si la kuletwa na meli.

Na mbwa je? Mbwa alikuwepo siku zote. Kwenye boma za huku karibu na Mbuga ya Nairobi, mbwa ndiye anayebweka simba akikaribia zizi. Kabla ya Richard Turere, kijana wa hapa hapa Kitengela, kuunda zile taa zake za kufukuza simba, kengele ya usiku ilikuwa mbwa. Alilipwa makombo. Daktari hakuwa kwenye mkataba.

Serikali ilimwona mbwa kupitia tundu moja tu: kichaa. Kisa cha kwanza kuthibitishwa Kenya kilikuwa cha mbwa, viungani mwa Nairobi, mwaka 1912. Cha kwanza cha binadamu kikathibitishwa 1928. Tangu hapo mbwa akawa faili la hatari. Tunayo hadi sheria yake maalum, Sura ya 365, na humo utakuta habari za kumfungia mbwa na kumwua. Kwa miaka mingi njia ya "kupunguza" mbwa wa mitaani ilikuwa kuwarushia nyama yenye sumu ya striknini. Ni kifo kibaya sana, na waliokiona wakiwa watoto hawakisahau.

Kwa hiyo picha ndiyo hii: ng'ombe ana daktari, mbwa ana risasi. Ukishaelewa hapo, jina "daktari wa ng'ombe" halikushangazi tena.

Hisani kwa wanyama wa nyumbani kweli ililetwa na masetla, hilo silikatai. Chama ambacho leo kinaitwa KSPCA, kile cha Karen, mizizi yake ni ya 1910, wakati huo kikiwa cha Afrika Mashariki nzima. Kimeokoa wanyama wengi, na kimepeleka kliniki za bei ya chini mitaani ambako daktari binafsi hafiki. Lakini kwa sababu ya vile kilianza, kichwani mwetu anayemhurumia paka ni mama mzungu mwenye Land Rover. Na sisi tukaamua kwamba kumtibu mbwa ni anasa ya matajiri.

Hapo ndipo wengi wanakosea, maana huko kwenyewe Uingereza kliniki za bure hazikuanza kwa matajiri. Mwaka 1917, katikati ya vita, mwanamke aitwaye Maria Dickin alifungua zahanati ya wanyama kwenye chumba cha chini ya ardhi Whitechapel, mtaa wa walala hoi wa London mashariki. Alikuwa amezoea kuwatembelea maskini akaona punda wa wachuuzi wanachechemea, mbwa na paka wanajikokota na vidonda, na wenyewe hawana senti. Alitibu bure. Madaktari wa wanyama wenye vyeti walimkasirikia kwa sababu watu wake hawakuwa wamesomea, na kusema ukweli hoja yao ilikuwa na uzito. Lakini hawakuwa wamefungua kliniki Whitechapel. Shirika lake, PDSA, bado lipo zaidi ya miaka 100 baadaye, na bado linatibu wanyama wa watu wasioweza kulipa.

Ukisema London ni mbali, twende Lamu.

Lamu punda ndiye lori. Vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari, kwa hiyo mawe, mchanga, simiti, maji, vyote vinapanda mgongoni kwa punda. Mwaka 1985 Mwingereza Elisabeth Svendsen, mwanzilishi wa The Donkey Sanctuary, alifika huko, akaona hali ya punda, na 1987 kituo kikafunguliwa pale pale mbele ya bahari. Matibabu bure. Dawa ya minyoo bure. Punda wazee na wagonjwa, wale ambao wenyewe waliwaacha wazurure wakila karatasi na takataka, wakapata mahali pa kulala na majani ya kula. Kituo pia huandaa mashindano ambapo mwenye punda mwenye afya anapewa zawadi mbele ya watu.

Hebu fikiria hiyo kidogo. Mzee wa Lamu hakuambiwa "wewe ni mkatili." Aliambiwa "leta punda wako, hatukulipishi," na akamleta. Shida ya wengi haikuwa roho mbaya. Ilikuwa bei.

Kwetu, bei ilipanda lini? Hapa sitakaa sana, lakini mwaka wa kuzaliwa kwa shida yetu unajulikana kwa ukaribu. Baada ya uhuru serikali iliendesha majosho, upandishaji kwa mirija na matibabu ya mifugo kwa ada ndogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 yakaja masharti ya Benki ya Dunia na IMF, ule wimbo wa "kugawana gharama" ambao wazazi wetu wanaukumbuka kutoka hospitalini. Serikali ikaacha kuajiri kila daktari wa mifugo aliyehitimu. Daktari akaambiwa afungue biashara. Akafuata pesa, kama mtu mwingine yeyote: ng'ombe wa maziwa wa Kiambu, mbwa wa Karen na Runda. Kajiado, moja ya kaunti zenye mifugo mingi, ikabaki na wachache. Mfugaji wa Mashuuru akategemea agroveti na bahati, na mwenye mbwa hakuwa hata kwenye mjadala.

Kisha Kitengela ikavimba. Kila ploti ukuta, kila ukuta geti, kila geti "Mbwa Mkali." Tuliwanunua kama kufuli. Hatukupanga kwamba kufuli inazeeka, inapata uvimbe, inapofuka. Matokeo yake yako njiani kuelekea Isinya: mbwa mwenye alama ya kola shingoni, amekonda, anafuata kila gari linalopunguza mwendo. Mtu alimbeba akamshusha hapo kwa sababu tiba ilikuwa inakaribia kodi ya bedsita, na hata sindano ya kumlaza kwa amani ilikuwa na bei.

Hiyo sindano tuizungumzie, maana huwa tunaikwepa. Ukisikia msaada wa matibabu unadhani ni kumfanyia mbwa wa miaka 13 upasuaji wa gharama. Mara nyingi si hivyo. Wakati mwingine msaada wa maana ni daktari kuja, kusema ukweli kwamba hapa hatuponyi, na kumaliza maumivu vizuri, bila mwenye mbwa kutafuta panga au sumu ya panya. Mimi ningechangia hilo kabla ya vitu vingine vyote. Na ningeuliza maswali kabla ya kutuma pesa: daktari ni nani, ana leseni, pesa inaenda kwa namba ya kliniki au ya mtu? Harambee zimeshaliwa sana nchi hii, na za paka haziko salama zaidi kwa sababu ya picha nzuri.

Kuna mtu kwa kundi letu la mtaa alichangishia mbwa mlinzi wa korti yao, mzee kabisa. Jibu la kwanza: "Na mayatima je?" Aliyeuliza ana mbwa wawili getini, na sijawahi kuona akichangia mayatima pia. Lakini swali lake lina jibu la kihistoria. Jamii zilizosaidia wanyama wa maskini zilikuwa zinasaidia maskini. Punda wa Lamu akipona, kuna nyumba inakula. Mbwa wa Kitengela akichanjwa, kuna mtoto wa jirani haumwi na mbwa mwenye kichaa, na karibu vifo vyote vya binadamu kwa kichaa duniani vinatoka kwa kuumwa na mbwa. Kenya ilijiwekea mpango wa kumaliza kichaa kufikia 2030. Huwezi kumchanja mbwa ambaye mwenyewe anaogopa kliniki kwa sababu ya bili.

Na sasa ile sehemu ambayo hakuna mwanasiasa ataiweka kwa bango. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kazi za kaunti. Huduma za mifugo ziko hapo. Halafu shuka hadi nambari 6: udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka wanyama, kuwatunza na kuwazika. Wanyama, si ng'ombe peke yake. Mbwa ametajwa kwa jina.

Vikao vya kukusanya maoni ya bajeti ya kaunti viko kila mwaka. Watu huenda kuuliza barabara, maji na basari, na ni sawa. Nenda uulize nambari 6. Uliza kliniki ya wanyama ya kaunti iko wapi Kitengela, na ukilala Ongata Rongai au Ngong, uliza ya kwenu. Kama pesa ya kliniki haipo, anza na ile kazi rahisi zaidi iliyoandikwa, ya kuzika. Maana kwa sasa mpangaji wa ghorofa ya tatu mbwa wake akifa hana udongo wa kumzika. Anamfunga kwa gunia, anamweka nje ya geti usiku, na kungoja lori la taka la Alhamisi.