Kutoka Mudhaibi hadi Unguja: vitabu vya kusoma kuhusu maendeleo ya uchumi

Mwezi Novemba mwaka 2010 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa toleo la kuadhimisha miaka 20 ya Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu. Wataalamu wake walizitazama nchi 135 na kupima ni ipi iliyopiga hatua kubwa zaidi tangu mwaka 1970, kwa kulinganisha na pale ilipoanzia. Wengi walitarajia kulisikia jina la China. Nchi iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa Oman.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari hiyo ina uzito wa pekee. Oman si nchi ya mbali. Katika miji ya Sharqiyah, kama Ibra, Mudhaibi na Sinaw, zipo nyumba ambazo Kiswahili bado ni lugha ya barazani na jikoni, kwa kuwa wazee wake walizaliwa Unguja, Pemba, Tabora, Bujumbura au Kongo. Familia zile zile ziliishi pande mbili za bahari. Upande mmoja uliingia katika mapato ya mafuta, mwingine haukuingia. Anayetaka kujua kwa nini nchi moja hupanda na nyingine husuasua ana mfano mzuri hapa, na vipo vitabu vya kumwongoza, ingawa sehemu kubwa ya vitabu hivyo imeandikwa kwa Kiingereza.

Shaba na maji

Wilaya ya Mudhaibi imo katika mkoa wa Sharqiyah Kaskazini. Soko la Sinaw, ambalo mnada wake wa Alhamisi huwavuta mabedui wenye ngamia na mbuzi, lilikuwa ndani ya wilaya hiyo hadi mwaka 2022. Humo pia limo bonde la Samad, ambako wachimbaji wa mambo ya kale kutoka jumba la makumbusho ya migodi la Bochum, Ujerumani, walifukua kijiji cha Maysar na kukuta mabaki ya watu walioyeyusha shaba zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba nchi iliyoitwa Magan katika mabamba ya udongo ya Mesopotamia, iliyosifika kwa shaba yake, ndiyo Oman na pande zilizo jirani nayo. Biashara ya kimataifa, kwa hiyo, haikuletwa Sharqiyah na meli za Wazungu.

Kitabu cha kuanzia ni cha J. C. Wilkinson, Water and Tribal Settlement in South-East Arabia, kilichotolewa mwaka 1977. Kinazungumzia falaji, yaani mifereji inayoleta maji mashambani, mingi ikipita chini ya ardhi. Mwenye haraka atakiona kuwa kikavu, lakini sura zake kuhusu mgawanyo wa maji ni somo la uchumi ambalo vyuo vingi havilifundishi. Maji ya falaji hugawanywa kwa muda. Kipimo cha kawaida, athar, ni takriban nusu saa, na mtu aweza kumiliki hisa za maji bila kuwa na shamba, akazikodisha au kuziuza. Sehemu ya hisa hutengwa kwa ajili ya msikiti, nyingine kwa ajili ya kuutengeneza mfereji wenyewe, na fedha zake hupatikana kwa mnada wa hadhara. Yupo wakili anayetunza hesabu, na wapo mafundi wanaoshuka chini kuzibua.

Kwa maneno mengine, kijiji kisicho na serikali ya karibu kiliweza kuendesha mradi mkubwa wa umma kwa mamia ya miaka. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza falaji 5 za Oman katika orodha ya urithi wa dunia. Takriban 3,000 bado zinatumika nchini. Yeyote aliyewahi kuuona mradi wa maji wa wafadhili ukifa mwaka wa pili baada ya kuzinduliwa, na Afrika Mashariki ipo mifano tele, atazisoma kurasa za Wilkinson kwa makini.

Deni lililovuka bahari

Falaji ikikauka watu huondoka. Thomas McDow, katika kitabu chake Buying Time cha mwaka 2018, anawafuata watu wa bara la Oman, wengi wao wa Sharqiyah, waliovuka kwenda Zanzibar na kisha Unyamwezi na Maziwa Makuu. Hawakuwa matajiri wote. Wengi walikuwa wadeni waliotafuta muda wa kulipa, na jina la kitabu, linalohusu kununua muda, linatokana na hilo. Fahad Bishara, katika A Sea of Debt cha mwaka 2017, anasoma nyaraka za mikopo zenyewe, karatasi zilizoandikwa na makatibu na makadhi kuanzia mwishoni mwa karne ya 18.

Jambo moja katika kitabu cha Bishara linastahili kuelezwa kwa urefu, maana bila ya hilo uchumi wa pwani hauelewiki. Riba ilikuwa haramu, lakini biashara haikuweza kwenda bila mkopo. Njia iliyotumika ni bei ya khiyari. Mwenye shamba alimuuzia mkopeshaji shamba lake kwa masharti kwamba akirudisha fedha katika muda waliokubaliana, shamba linarudi kwake. Mara nyingi aliendelea kukaa pale pale, akimlipa mnunuzi kodi. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji. Hivyo mitende ya Sharqiyah na mikarafuu ya Unguja iligeuka dhamana ya misafara ya pembe za ndovu. Waingereza walipoleta mahakama zao waliyatazama maandishi hayo kwa macho mengine, na ugomvi wa tafsiri ukaendelea kwa miongo.

Kwa Kiswahili kipo kitabu kimoja ambacho hakina budi kusomwa sambamba na hivyo viwili. Ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe, yaliyotolewa mara ya kwanza na Mjerumani Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Wengi hukisoma kama hadithi ya safari na vita. Kisomwe pia kama daftari la mfanyabiashara. Humo mna bidhaa zilizochukuliwa kwa mkopo, bei za pembe, na Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyemkopesha. Kilichokosekana ni sauti ya waliobeba pembe hizo na waliouzwa njiani. Mwandishi hakuona haja ya kuwahoji, na msomaji wa leo hana ruhusa ya kuwasahau.

Karafuu, na nani aliyezilima

Pengo hilo linajazwa na Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar, katika Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar cha mwaka 1987, na Frederick Cooper katika Plantation Slavery on the East Coast of Africa cha mwaka 1977. Sheriff anaonyesha jinsi Zanzibar ilivyotajirika kwa kuwa katikati: ilinunua kwa bei ya chini bara na kuuza kwa bei ya juu ng'ambo. Utajiri wa namna hiyo, kwa maelezo yake, haukujenga viwanda wala haukubadilisha namna ya kuzalisha mali. Karafuu zilipopandwa kwa wingi kupita kiasi bei ilianguka, na dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi. Mwaka uliofuata soko la watumwa lilifungwa.

Oman nayo ilikuwa imeshakatwa. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 dola iligawanyika baina ya wanawe, na hukumu ya Lord Canning ya mwaka 1861 iliitaka Zanzibar iilipe Maskati reali 40,000 kila mwaka. Kiasi hicho pekee kinaonyesha upande upi ulikuwa na fedha wakati ule. Karne moja baadaye mizani ilipinduka kabisa.

Cooper aliendelea mwaka 1980 na From Slaves to Squatters, kuhusu kilichofuata baada ya utumwa kupigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Suala la ardhi ya pwani ya Kenya, ambalo hadi leo ni moto wakati wa uchaguzi, lina mizizi katika kurasa zile.

Dar es Salaam ilivyojibu

Walter Rodney alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotoa How Europe Underdeveloped Africa mwaka 1972. Hoja yake kwamba umaskini wa Afrika ulitengenezwa imepingwa na wengi na kurudiwa na wengi zaidi. Wasomaji wachache huifikia tamati yake, iliyoandikwa na Abdulrahman Mohamed Babu wa Zanzibar. Babu alikuwa waziri, kisha mfungwa kuanzia 1972 hadi 1978, na mwaka 1981 alitoa African Socialism or Socialist Africa? Humo anawashutumu viongozi wa Afrika kwa kuendelea kulima mazao ya kuwauzia wengine huku wakizungumzia ujamaa. Ni kitabu chenye hasira, nacho kimezeeka vizuri kuliko vingi vya wakati wake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lisomwe kwa Kiswahili, lugha yake ya asili. Lilikataa wazo kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo, na kuwatanguliza watu na ardhi. Miaka mitatu baadaye, Julai 23, 1970, Sultan Qaboos alishika madaraka Oman, nchi iliyoanza kusafirisha mafuta mwaka 1967 huo huo. Alikuta shule 3 tu za serikali na barabara ya lami ya kilomita 10 hivi. Tanzania ilifundisha mamilioni kusoma bila fedha za kutosha, na katika miaka ya 1980 ikashindwa kuzitunza shule hizo. Oman ilikuwa na fedha, lakini haikuwa na walimu.

Waliporudi

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia tena. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliwatawanya watu wengi wenye asili ya Oman, na Sultan Said bin Taimur hakuwa tayari kuwapokea kwa wingi. Baada ya 1970 mlango ulifunguliwa. Marc Valeri, katika kitabu chake Oman: Politics and Society in the Qaboos State cha mwaka 2009 na katika makala yake kuhusu Waomani wasemao Kiswahili iliyotoka mwaka 2007 katika jarida la African Affairs, anaeleza jinsi waliorudi na elimu na Kiingereza walivyopata nafasi katika wizara, hospitali na kampuni ya mafuta. Shule za Zanzibar za wakati wa ukoloni zilichangia kujenga dola ya Maskati. Anaeleza pia kwamba waliorudi hawakupokewa na wote kwa mikono miwili.

Mandana Limbert, katika In the Time of Oil cha mwaka 2010, aliishi Bahla, mkoa wa Dakhiliyah, akawasikiliza watu wakizungumzia neema ya mafuta kama kitu cha kupita, kilichokuja ghafla na huenda kikaondoka vivyo hivyo. Sura yake kuhusu maji ya bomba na falaji inafaa kusomwa baada ya Wilkinson. Kwa wapendao riwaya kuna Sayyidat al-Qamar ya Jokha Alharthi, iliyotoka mwaka 2010 na kushinda tuzo ya kimataifa ya Man Booker mwaka 2019 kwa tafsiri ya Marilyn Booth. Inasimulia vizazi vya kijiji kimoja cha Oman, mabwana na waliokuwa watumwa wao, katika nchi ambayo utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1970 tu.

Kipimo na wasiopimwa

Ripoti ya UNDP ya mwaka 2010 isisomwe peke yake. Fikra zake zinatokana na Mahbub ul Haq wa Pakistan na Amartya Sen wa India, ambaye kitabu chake Development as Freedom cha mwaka 1999 kinasema kuwa maendeleo ni kupanuka kwa uhuru wa mtu kuishi maisha anayoyathamini. Kwa kipimo cha afya Oman ilifanya makubwa: umri wa kuishi uliongezeka kwa zaidi ya miaka 25 katika miongo minne. Kwa kipimo cha Sen kwa ukamilifu wake, pamoja na uhuru wa kusema na kuchagua, hesabu ni ngumu zaidi, na ripoti yenyewe inakiri kwamba mambo hayo mawili si lazima yaende pamoja.

Tena wapo wasiohesabiwa. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti Working Like a Robot, kuhusu wanawake wa Tanzania waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Inaeleza pasipoti zilizochukuliwa, saa ndefu za kazi, mishahara iliyokatwa au kutolipwa, na mfumo wa udhamini unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Ni ripoti fupi ikilinganishwa na vitabu vilivyotajwa, na kwa familia ya Tanga au Pemba inayomwandaa binti kwa safari, ndiyo ya kusoma kwanza.

Mwenye muda wa vitabu viwili tu achukue cha Bishara na cha Limbert. Baada ya hapo afungue nyaraka za serikali zenyewe: Dira ya Oman 2040, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2021, na Dira ya Tanzania 2050, iliyozinduliwa Julai 2025. Ile ya Oman inakusudia kupunguza utegemezi wa mafuta. Mwaka 2025 Sultan Haitham alitia saini sheria ya kodi ya asilimia 5 kwa watu wenye mapato yanayozidi riali 42,000 kwa mwaka, ianze Januari 2028.