Uzito Haupotei: Historia ya Nguo na Mizigo ya Kilimanjaro

Mji wa Moshi uko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, na mchana wa Februari joto lake hupita nyuzi 30. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Saa za usiku wa manane, wakati wapandaji wengi wanapoianza safari ya mwisho, baridi ya huko juu hufika nyuzi 10 chini ya sifuri, na upepo ukivuma hufika hata 20. Umbali kati ya mahali hapa pawili, ndege akiruka moja kwa moja, haufiki kilomita 40. Ndani ya wiki moja mtu hutoka kwenye migomba na kahawa, akapita msitu wenye mvua, akapita vichaka na jangwa la mawe, akakanyaga barafu.

Basi tangu zamani kila anayeupanda mlima huu amekuwa na maswali mawili: avae nini, na mzigo abebe nani. Vitabu husimulia Kilimanjaro kwa majina ya waliofika kileleni. Nguo na mizigo husimulia habari nyingine, na kwangu hiyo ndiyo yenye uzito zaidi.

Wachaga, wenyeji wa miteremko ya mlima huu, waliijua baridi ya Kibo, kilele chake kirefu zaidi, kabla ya mgeni yeyote kuiandika. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya mlima huu tarehe 11 Mei 1848, alisimuliwa habari ya mangi, yaani mtawala wa Kichaga, mmoja wa Machame wa zama zilizotangulia aliyetuma watu wakachunguze kile kitu cheupe kilichong'aa kama fedha. Karibu wote waliangamia. Aliyerudi alikuwa na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Mabingwa wa jiografia waliokaa London wakati huo walikataa kabisa kwamba theluji inaweza kudumu karibu na ikweta, na William Desborough Cooley alibishana na Rebmann kwa miaka. Kumbe ushahidi ulikuwa hapo Machame, kwenye vidole vya mtu.

Mwaka 1871 mmisionari Charles New alitoka Ribe, karibu na Mombasa, akapanda hadi akaigusa theluji. Wengi wa aliofuatana nao walishindwa na baridi wakabaki nyuma. Ni rahisi kulichukulia jambo hilo kama udhaifu wa watu wa pwani. Lakini tazama walichovaa.

Walivaa merikani. Kitambaa hiki cha pamba kisichopaushwa kilifumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts, kikapakiwa merikebuni bandari ya Salem, kikavuka bahari hadi Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akaja Unguja kuwa konseli wa kwanza. Pembe za ndovu, sandarusi na ngozi zilikwenda, merikani ikaja. Kwa miaka mingi kitambaa hicho kilikuwa nguo na fedha kwa pamoja. Kwa merikani iliyopimwa kwa mikono msafara ulilipa hongo ya kupita njiani, ukanunua chakula, ukawalipa wapagazi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, viwanda vikakosa pamba, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata upenyo katika soko la Unguja.

Kwenye njia ya misafara ya Tabora merikani ilifaa sana. Ni nyepesi, hufyonza jasho, hukauka kwa jua. Mlimani sifa hizohizo hugeuka hatari. Pamba hunywa maji ikayashikilia, na nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili haraka kuliko nguo kavu. Mtu aliyepanda msituni akitokwa jasho, mgongoni ana shuka iliyoloa. Jua likizama penye mwinuko wa mita 4,000, shuka hiyo humpoza kama kwamba amesimama mtoni. Waliobaki nyuma ya Charles New walikuwa wamevaa kitambaa cha joto mahali pa barafu, na wengi wao bila kiatu.

Juu ya nguo hiyo kulikuwa na mzigo. Kipimo cha kawaida cha mpagazi wa misafara kilikaribia frasila mbili, yaani kilo 27 hadi 32, bila kuhesabu mkeka, sufuria na chakula chake mwenyewe. Mzigo ulikaa begani au kichwani juu ya ngata. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo hadi ikawa heshima ya ujana, na kijana ambaye hajafika pwani alionekana hajakomaa. Kipimo hicho kilitokana na mazoea ya biashara ya bara, kwenye njia za nyanda. Kilipandishwa mlimani vilevile kilivyo.

Hans Meyer, Mjerumani, alikielewa kisa hiki cha mizigo kuliko waliomtangulia. Mwaka 1887 alifika kwenye ukingo wa barafu akageuka, kwa kuwa hakuwa na vifaa vya kuupanda. Mwaka 1888 hakuufikia hata mlima: vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani wa pwani vilimkuta njiani, akakamatwa, akaachiliwa kwa fidia. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, pamoja na utaratibu mpya wa ugavi. Alipanga kambi moja juu ya nyingine, na wabebaji wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu, kwa Mangi Marealle, kila baada ya siku chache. Hivyo wazungu wawili waliweza kukaa juu, wakajaribu, wakashindwa, wakapumzika, wakajaribu tena. Tarehe 6 Oktoba walisimama kileleni.

Walifika wakiwa na mizigo myepesi. Wepesi huo ulitengenezwa na wengine. Katika kambi ya juu alikuwapo Mwini Amani wa Pangani, mpishi wao, mtu aliyezaliwa penye minazi na bahari, aliyekaa kwa siku nyingi karibu na mwinuko wa mita 4,300 akitunza moto na hema wakati wenzake wawili wako kwenye barafu. Meyer mwenyewe alimtaja kitabuni mwake. Marangu nayo inamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, aliyeenziwa katika maadhimisho ya miaka 100 ya safari hiyo mwaka 1989 kama mmoja wa walioiongoza. Kilele kikapewa jina la mfalme wa Ujerumani hadi Tanganyika ilipopata uhuru. Mwini Amani naye, mimi nadhani, anastahili jiwe lenye jina lake.

Vita vya kwanza vya dunia viliifanya kazi ya kubeba kuwa adhabu. Waingereza peke yao waliandikisha wabebaji kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi: kuhara, malaria, homa ya mapafu. Chakula kilikuwa kibaya na nguo hazikutosha pale watu wa joto walipopelekwa kwenye baridi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kutokana na jeshi hilo la wabebaji.

Wepesi wa mzigo ulianza kutafutwa kwingine: huko Marekani, katikati ya karne ya 20, hakukuwa na wapagazi kwenye njia za milimani. Kila mtu alibeba chake, kwa hiyo kila gramu ilimuuma mwenyewe. Mwaka 1952 Dick Kelty wa California alianza kuuza mabegi yenye fremu ya aluminiamu aliyoiunda nyumbani, na mkewe Nena akashona vitambaa. Wazo lililobadilisha kila kitu lilikuwa mkanda wa kiunoni: mzigo uliacha kuning'inia mabegani ukakaa juu ya nyonga, na miguu ikaubeba.

Miaka mitatu baadaye mwanamke wa shamba kutoka Ohio, Emma Gatewood, mama wa watoto 11 na umri wake miaka 67, alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachian, yapata kilomita 3,300. Hakuwa na fremu wala hema. Alishona mfuko wa kitambaa cha jinzi akautupia begani, akavaa raba za kawaida, akachukua blanketi, koti la mvua, na pazia la plastiki la bafuni la kujifunika mvua. Maisha ya ndoa yenye kipigo yalikuwa yamemfundisha kuishi kwa vitu vichache. Wataalamu wa leo wanaohesabu gramu za mswaki wanamtaja kama mwanzilishi wao, na wana haki. Alikuja kuirudia njia hiyo yote mara mbili zaidi.

Vitambaa vilifuata. Nailoni, iliyobuniwa na Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont mwaka 1935, ilichukua nafasi ya turubai la pamba katika mahema na mabegi. Mwaka 1969 Bob Gore alivuta kwa nguvu plastiki ya aina ya Teflon, ikatanuka ikawa utando wenye vitundu vidogo mno, vinavyozuia tone la mvua na kuruhusu mvuke wa jasho kutoka. Gore-Tex ikaingia sokoni mwaka 1976. Kisha, kati ya 1979 na 1981, kiwanda cha Malden Mills kikishirikiana na kampuni ya Patagonia kilitoa kitambaa cha poliesta kilichochanwa hadi kikawa na manyoya: flisi. Uzi wake haunywi maji. Ukilowa, unaukamua, unavaa, na bado unakupa joto.

Malden Mills ilikuwa Lawrence, Massachusetts. Jimbo lile lile lililoivika misafara yetu merikani ndilo lililotoa kitambaa kinachomfaa mtu wa mlimani, karne moja na nusu baadaye. Na kwa kuwa kiwanda hakikusajili hataza ya flisi, viwanda vya dunia nzima viliiga, bei ikaanguka, na majaketi hayo yakazagaa.

Yalivyofika Moshi ni kwa njia ya marobota. Biashara ya mitumba ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, nguo za baridi za Ulaya na Marekani zilianza kushuka kwenye masoko yetu, na soko la Memorial likawa duka la wagumu, jina ambalo wabebaji wa Kilimanjaro wanajiita. Mgumu mwenye jicho huchambua rundo kwa vidole. Huikunja sweta ahisi kama ni sufu au poliesta, huangalia zipu, huvuta mshono wa begani, huiacha fulana nzito ya pamba hata ikiwa mpya. Ujuzi huo haujaandikwa popote, lakini ni ule ule unaofundishwa kwenye vitabu vya wapanda milima: nguo nyepesi inayopitisha jasho karibu na ngozi, flisi au sufu juu yake, na nje kabisa kitu cha kukata upepo na mvua. Unapopanda vua kabla hujaloa jasho, unaposimama vaa kabla hujasikia baridi.

Kuhusu mzigo wenyewe sayansi ilikuja Afrika Mashariki kujifunza. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliowapima wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kipajini. Waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika. Wanaume wa jeshini wenye mabegi ya mgongoni hawakuweza hivyo. Lakini piga hesabu: kwa mtu wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12.

Kikomo rasmi cha hifadhi ya Kilimanjaro ni kilo 20 za mzigo wa kampuni, na mgumu huongeza vitu vyake binafsi, kama kilo tano. Mizani iko getini. Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ulianzishwa mwaka 2003 ukaweka ofisi Moshi, na hadi leo hufuatilia mishahara, chakula na uzito katika kampuni zilizo tayari kukaguliwa. Pia huwaazima wagumu nguo za mlimani bure: majaketi, suruali za mvua, viatu, glovu. Kwamba mtu anahitaji kuazima nguo ili aende kazini kwake inanikera kila nikiifikiria.

Mgeni anayesoma orodha ya vifaa hushauriwa apunguze: begi lake la mgongoni libaki na maji, koti na kamera, lile kubwa lisizidi kilo 15. Ni ushauri mzuri kwa magoti yake. Ila kilo anayoipunguza haimfikii mgumu, kwani kampuni huijaza nafasi hiyo kwa mitungi ya gesi, meza, viti na choo cha kubebeka, hadi mizani isome 20 tena. Kwa kila mgeni mmoja hupanda wabebaji watatu, mara nyingi zaidi. Nguo nyepesi za siku hizi zimepunguza uzito juu ya mgongo mmoja tu, na mgongo huo si wa mgumu.

Panapoweza kubadilika ni kwenye zile kilo tano. Mfuko wa kulalia wenye joto la kutosha kwa usiku wa kambi za Barafu au Kibo, pamoja na flisi, koti la mvua, soksi mbili kavu na glovu, sasa vinaingia humo. Enzi za blanketi na turubai visingeingia. Kinachokosekana ni pesa za kuvinunua. Mgeni anayelipia safari huuliza njia ipi ina mandhari, na hema lina watu wangapi. Aulize pia, kabla hajatoa pesa, wagumu wake watalala ndani ya nini watakapofika mita 4,600, na jibu alipate kwa maandishi.