Irabu Saba na Fonti: Herufi Mbili za Meru na Embu

Lugha za Kiembu na Kimeru zina irabu saba, ilhali alfabeti ya Kilatini ina tano. Ndiyo maana mbili huandikwa ĩ na ũ. Seti ya herufi za kompyuta ya ISO 8859-1 ya mwaka 1987, iliyokusudiwa Ulaya Magharibi, ilikuwa na ã, ñ na õ, bali si hizo. Unicode ilizipa nafasi mwaka 1991. Hata hivyo, mchezo wa video huonyesha tu herufi zilizomo katika fonti zake. Mbunifu anayezipima kwa Kiswahili, chenye irabu tano, haoni upungufu. Msomaji wa Embu huona visanduku vitupu, au i na u zinazofuta tofauti za maneno. Uteuzi wa fonti, basi, ni sehemu ya historia ya maandishi, si pambo lake.