Una miaka 45 na akiba imeisha? Bado una miezi 180

Ukiwa na miaka 45 leo, imebaki miezi 180 kufika miaka 60. NSSF nayo inataka mwanachama awe amechangia walau miezi 180, yaani miaka 15, ndipo alipwe pensheni ya uzeeni kila mwezi. Kwa hiyo hata anayeanza moja akiwa na 45 bado anawahi. Ila hana mwezi wa kuchezea.

Hapa Mwenge hesabu hii inawagusa wengi. Mwaka 2020 corona iliwaondolea wachonga vinyago watalii. Oktoba 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara jijini. Baadaye Barabara ya Bagamoyo ikachimbwa kwa ajili ya mwendokasi. Ongeza talaka, msiba au ugonjwa, na mtaji wa miaka 20 unakata ndani ya muda mfupi.

Kama yamekukuta, anzia hapa.

1. Jua una miezi mingapi tayari

Wengi wanadhani wanaanza sifuri, kumbe waliwahi kuajiriwa kiwandani, hotelini au kwenye ulinzi, na michango ipo. Miezi hiyo haipotei kwa sababu uliacha kazi, na si lazima iwe mfululizo. Nenda ofisi yoyote ya NSSF na kitambulisho chako cha NIDA, omba taarifa ya michango.

Kama ulichangia PSPF, LAPF, GEPF au PPF, uliza PSSSF. Mifuko hiyo minne iliunganishwa Agosti 2018.

Ukikuta mwajiri alikukata bila kupeleka, lalamika mapema. Ni kosa kisheria, na ushahidi wako ni hati za mshahara. Usizitupe.

2. Pensheni yenyewe ni shilingi ngapi?

Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 kinatumia miezi uliyochangia, wastani wa mshahara wako bora wa miaka mitatu ndani ya miaka 10 ya mwisho, na kigawanyo cha 580. Mkupuo wa kuanzia ulikuwa asilimia 33. Kwenye bajeti ya 2024/25, Serikali ilitangaza kuupandisha hadi asilimia 35 kwa kundi la wanachama wa NSSF.

Chukua mfano wa mshahara wa Sh1 milioni kwa mwezi na miezi 180:

- Mkupuo: takriban Sh16.3 milioni
- Kila mwezi: takriban Sh201,000

Mshahara huohuo kwa miezi 300, malipo ya kila mwezi yanafika takriban Sh336,000. Hayo ni makadirio, lakini yanakuonyesha uzito wa kila mwaka unaouongeza.

Je, ukifika 60 na miezi 150? Hupati pensheni ya kila mwezi, unalipwa fedha yako kwa mkupuo mara moja. Hapo ndipo mtu anajuta kukosa miaka miwili na nusu tu.

3. Umejiajiri? Mlango upo

Sheria inaruhusu waliojiajiri kuchangia wenyewe. Kupitia Hifadhi Skimu ya NSSF, kiwango cha chini kilichotangazwa ni Sh30,000 kwa mwezi, au Sh52,200 ukitaka na matibabu. Unaweza kulipa kidogokidogo kwa simu, kwa siku, wiki au mwezi.

Sh30,000 ni sawa na Sh1,000 kwa siku. Kwa mama lishe, fundi cherehani au dereva wa bodaboda, ni fedha ya kuitoa asubuhi kabla mauzo hayajaanza kuliwa. Kabla ya kujiunga, muulize ofisa jambo moja: kwa kiwango changu, nikifika 60 nitapata nini hasa?

4. Umepoteza kazi? Usikimbilie kuchukua zote

Kuna fao la upotevu wa ajira. Kwa mwanachama aliyechangia walau miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Ukiendelea kukosa kazi kwa muda mrefu, unaweza kuruhusiwa kuchukua michango yako.

Hapo ndipo pa kufikiria mara mbili. Mtu wa miaka 47 mwenye miezi 130 amebakiza 50 tu. Akizichukua zote akafungulia duka, duka likifa amepoteza mtaji na miezi.

5. Talaka au msiba: dai chako mapema

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa pamoja ndani ya ndoa. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali hiyo. Kwa hiyo usiondoke mikono mitupu eti kwa kuwa hati ina jina la mwenzako.

Kwa mjane au mgane, mwenza alikuwa mwanachama? Ulizia mafao ya urithi. Na wewe mwenyewe, sahihisha majina ya wategemezi wako. Wapo walioachana miaka 10 iliyopita na fomu bado ina jina la mwenza wa zamani.

6. Ua deni kali kwanza

Hakuna akiba itakayoshinda mkopo wa kausha damu. Ukiwa na Sh50,000 ya ziada na deni la namna hiyo, peleka kwenye deni. Usikope jipya kulipa la zamani, hasa kwenye programu za simu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

7. Kisha weka ya pembeni

- Kikoba: kizuri kwa nidhamu na mtaji, ila kikivunjwa mwisho wa mwaka fedha inaishia kwenye sikukuu na ada. Tenga sehemu ya mgao uipeleke mbali.
- UTT AMIS: Mfuko wa Ukwasi unaanzia Sh100,000, kisha unaongeza kuanzia Sh10,000. Faida haina uhakika wa asilimia mia.
- Hatifungani za Serikali: zinaanzia Sh1 milioni na riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Ukiwa na 45, ya miaka 15 inaiva ukiwa na 60.
- Vyumba vya kupangisha: vinasaidia uzeeni, lakini fanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kulipia kiwanja.

Ukiambiwa fedha itazaa maradufu ndani ya miezi michache, kimbia. DECI ilifungwa mwaka 2009 na watu wakabaki na risiti. Anayejaribu kurudisha kwa haraka alichopoteza ndiye anayepigwa kirahisi.

Kuchelewa kunagharimu kiasi gani?

Sh100,000 kwa mwezi kuanzia 45 ni Sh18 milioni ukifika 60, kabla ya faida yoyote. Ukianza na 50, ni Sh12 milioni. Ili ufikie ileile 18 itabidi uweke Sh150,000 kila mwezi, na umri huo ada za chuo za watoto nazo zimeshafika.

Fanya haya wiki hii

- Chukua taarifa ya michango, hesabu miezi.
- Toa idadi hiyo kwenye 180. Jibu ndilo deni lako kwa uzee wako.
- Andika madeni yote, anza na lenye riba kali.
- Sahihisha majina ya wategemezi.
- Chagua kiwango unachokiweza hata mwezi mbaya, hata kama ni buku kwa siku.
- Waambie watoto wakubwa ukweli wa hali yako, wajue mapema nini unaweza na nini huwezi.