Mguu Uliokufa Ganzi

Lugha yetu ina msemo wa zamani kwa kiungo kisichohisi: husemwa kuwa kimekufa ganzi. Msemo huu wafaa kwa mazungumzo, lakini ndani yake mna kosa ambalo matabibu nao walilishika kwa muda mrefu. Waliona miguu ya wenye ukoma ikitoka vidonda, ikipungua vidole, hata ikabaki vigutu, wakaamua kuwa nyama yenyewe imekufa wala haiwezi kupona. Tiba, basi, ikawa msumeno.

Aliyeivunja imani hiyo zaidi ya wengi ni Paul Brand, mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa Bara Hindi mwaka 1914. Kabla ya udaktari alijifunza kazi ya ujenzi, nami nashawishika kuamini kuwa jicho la mwashi lilimfaa si haba. Alifika Vellore, kusini mwa Bara Hindi, mwaka 1946. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa huko alishindwa kuzungusha ufunguo katika kufuli lenye kutu. Kijana mmoja mwenye ukoma akauzungusha mara moja, na kidole chake kikachanika hadi mfupani asijue. Kidole kile hakikuliwa na ugonjwa. Kiliumizwa na kazi, kwa kuwa hapakuwapo maumivu ya kumwambia mwenyewe asite.

Kwa unyayo hesabu ni hiyo hiyo. Mtu aendapo, kisigino huinuka na uzito wa mwili huegemea mbele, juu ya vichwa vya mifupa vilivyo nyuma ya vidole. Mwenye afya akichoka hubadili mwendo bila kufikiri: huchechemea kidogo, huupeleka uzito pembeni, ama hukaa chini. Asiyehisi hukanyaga mahali pale pale mara maelfu kwa siku. Brand alihamia Carville, Louisiana, mwaka 1966, na huko yeye na wenzake waliugandamiza unyayo wa panya kwa mashine, maelfu ya mara kila siku, kwa nguvu ya wastani ambayo kwa pigo moja haidhuru kitu. Kwanza pakavimba na kupata moto; wasipoacha, pakapasuka kidonda. Panya waliopewa siku za kupumzika waliota sugu tu. Ilidhihirika kuwa nyama ya mguu wenye ganzi i hai na hupona kama ya mtu yeyote, mradi ipumzishwe.

Lakini nani awezaye kulala kitandani miezi mingi, naye ana shamba na watoto? Jibu lilikuwa plasta iliyoshikana na mguu kila upande, ikautandaza uzito juu ya wayo wote na muundi, mgonjwa akatembea huku kidonda kikifunga. Ufundi huu haukuzaliwa Marekani. Ulitumika Ceylon na Bara Hindi tangu miaka ya 1930. Baada ya plasta kikaja kiatu, na hapo fundi viatu akawa mwenzi wa mpasuaji, jambo ambalo vyuo vya udaktari havikulizoea.

Wenye kisukari nao hupotewa na hisia za miguu, ingawa kwao damu pia huweza kupungua. Hata hivyo elimu hii ilichelewa kuvuka kutoka hospitali za ukoma kwenda za kisukari. Nadhani kilichoizuia si uhaba wa maandishi bali ni aibu ya jina la ukoma.

Tanzania ilipata sehemu yake katika mpango uitwao Step by Step, ulioanza miaka ya mwanzo ya 2000 hapa na Bara Hindi, na Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam akiwa mmoja wa viongozi wake. Walioitwa mafunzoni hawakuja peke yao: kila daktari alikuja na muuguzi wake, wakarudi vituoni kufanya kazi pamoja, kisha wakaitwa tena kuendelea na masomo. Mpango huo ulijua kwamba daktari huandika amri, bali muuguzi ndiye aonaye miguu kila siku. Miongoni mwa vyombo vya kazi hii umo uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, uzi huguswa unyayoni, naye huulizwa kama amehisi. Kipimo hicho kilithibitishwa Carville katika miaka ya 1980, kwa miguu ya wenye ukoma na ya wenye kisukari pamoja.