Kikaragosi na Mkono Uliojificha

Sisi tunaoishi Mji Mkongwe, penye bandari iliyopokea maneno mengi kutoka ng'ambo, tunalo neno kikaragosi. Sauti yake yafanana mno na Karagöz, mchekeshaji wa mchezo wa vivuli wa Waturuki. Vivuli hivyo vilikatwa katika ngozi ipitishayo nuru, vikaendeshwa kwa vijiti nyuma ya pazia lililomulikwa kwa taa. Ulaya nako palikuwa na vikaragosi vya nyuzi, ambavyo Wafaransa waliviita marionette, yaani Maria mdogo.

Kikaragosi cha nyuzi huwa na viungo vilivyolegezwa. Mara nyingi nyuzi zake ni tisa: mbili za kichwa, mbili za mabega, mbili za mikono, mbili za magoti na moja ya mgongo. Zote hufungwa kwenye kishikio cha mti. Mchezeshaji akikiinamisha, kikaragosi nacho huinama. Uzito nao husaidia, kwa maana kikaragosi chepesi mno huelea badala ya kutembea.

Jukwaani hayo yatosha. Kamera, lakini, husogea hadi usoni. Kwa hiyo watengenezaji wa Thunderbirds, iliyoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 1965, walitia sumaku ya umeme ndani ya kichwa. Sauti iliyokwisha kurekodiwa ilipeleka umeme kupitia nyaya zilezile zilizokishikilia kikaragosi, na mdomo ukacheza kwa kufuata maneno. Kifaa hicho kilihitaji nafasi, ndiyo maana vichwa vilikuwa vikubwa kuliko miili. Nyaya zenyewe zilipakwa rangi ili zisionekane.

Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Mwaka 2009 Gado, mchora katuni mzaliwa wa Dar es Salaam, alianzisha nchini Kenya The XYZ Show pamoja na wenzake. Humo hamkuwa na nyuzi: viongozi walikuwa sura za mpira, zikiendeshwa kwa mikono ya watu waliojificha.

Ndugu zangu, mtawala anayeendeshwa na wengine twamwita kibaraka. Mchezo ule uliligeuza jambo: raia ndiye aliyemshika mtawala, na watu wakacheka bila woga. Hata hivyo, kila pazia lina mtu nyuma yake. Tuwafundishe watoto wetu, wanapotazama runinga au simu, wacheke na pia waulize: ni mkono wa nani huu, nao wataka tuelekee wapi? Kikaragosi hakiwezi kuuliza hivyo. Sisi twaweza.