Mkate wa Weyerbusch

Chama chetu kinapotimiza miaka kumi, yafaa tuwakumbuke wenzetu waliotutangulia. Katika vilima vya Westerwald, nchini Ujerumani, kuna kijiji kidogo kiitwacho Weyerbusch. Mwaka 1845 Bwana Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliwekwa kuwa meya wake. Mavuno yakaharibika, na katika majira ya baridi ya 1846 na 1847 njaa ikaingia nyumbani mwa wakulima. Serikali ilipeleka nafaka, lakini kwa amri kwamba zisitolewe ila kwa fedha taslimu. Na maskini fedha wangezitoa wapi? Bwana Raiffeisen akawakusanya wenye uwezo. Wakachanga, wakajenga tanuri la kijiji, na wasio na kitu wakapewa mkate kwa ahadi ya kulipa baadaye.

Mwaka 1849, huko Flammersfeld, chama kingine kiliwanunulia wakulima ng'ombe, nao wakalipa kidogo kidogo, wakaepukana na wala riba. Hata hivyo, hisani ya matajiri haikudumu, maana mwenye kutoa huchoka. Ndipo mwaka 1864, huko Heddesdorf, kikaundwa chama cha mikopo ambacho mkopaji lazima awe mwanachama, na wanachama wote ni wadhamini wa deni.

Hapo ndipo penye funzo, ndugu wanachama. Mkopo wa chama si sadaka; ni jasho la jirani. Asiyelipa humtwisha jirani yake mzigo. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kilichotoboka hakijai.